Kwa Nini Sitaki Tena Kuitwa Rudisha

Vijana, mkinikuta sokoni Tarime mnaniamkia, "Shikamoo Mzee Rudisha." Naitikia marahaba kwa sababu salamu haikataliwi, lakini mmeona kwamba naangalia chini. Mara nyingi mmeniomba niwasimulie kazi niliyoifanya kabla ya kustaafu, na siku zote nimewasimulia sehemu ya kuchekesha. Leo nitasimulia na ile nyingine. Mkitaka kucheka chekeni, nimeshachekwa na watu wengi kuliko ninyi.

Nilikuwa kwenye dawati la malalamiko katika duka la kampuni moja ya simu, hapa hapa mjini. Kampuni siitaji, haijanituma. Wanaonunua simu na laini walihudumiwa na wenzangu mbele. Mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa stoo, na kwangu walikuja watu wenye macho mekundu. Aliyekosea namba akamtumia hela mtu asiyemjua, kwangu. Aliyetapeliwa, kwangu. Nikifanikiwa kuirudisha hela ya mmoja, habari ilifika Sirari kabla sijamaliza kikombe cha chai, na ndivyo nilivyobatizwa hilo jina. Zile nilizoshindwa, ambazo ndizo nyingi, hakuna aliyezitangaza.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Saada, mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walikuja Tarime kuuza vitenge wakitokea pwani, wakabaki. Siku zangu za mwanzo aliingia mwalimu mmoja analia. Nikamvutia kiti, nikampa pole, nikamuuliza nyumbani hawajambo. Bi Saada akanisukuma kando kwa kiwiko.

"Umetuma saa ngapi? Kwenye namba gani?"

Vidole vyake vilishafika kwenye kompyuta. Alipomaliza ndipo alipomgeukia yule mwalimu akampa pole ndefu mpaka mwalimu akatabasamu. Jioni akaniambia, "Marwa, wewe ukiwa unampa mtu pole, tapeli yuko kwa wakala anapokea noti. Namba kwanza. Pole utaitoa baadaye, na uitoe vizuri."

Hiyo ndiyo kazi nzima, vijana. Hela uliyotapeliwa ikikutwa bado imo kwenye laini ya tapeli, inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa wakala imekuwa noti mfukoni mwa mtu, na kompyuta haina mkono wa kuingia mfukoni. Mzee mmoja kutoka milimani alinibishia sana juu ya hilo. Alisema hela imepita kwenye mnara, mnara tunauona pale juu, kwa hiyo tupandishe fundi aichomoe kabla haijavuka kwenda Musoma. Nilicheka. Akaniambia, "Unacheka, lakini mimi sijakuona ukifanya lolote." Na kweli siku hiyo sikuwa nimefanya lolote.

Zamani kidogo mambo yalikuwa rahisi. Mawakala walikuwa wachache na tulifahamiana kwa sauti. Nilikuwa nikiona hela imeingia kwa wakala wa Mugumu, nampigia palepale: "Huyo aliyesimama mbele yako amevaaje?" Wakala mmoja, dada mcheshi sana, alimshikilia kijana wa watu kwa maneno matupu. Akamwambia mtandao unasumbua, akamwambia subiri nitafute chenji, akamuuliza kama ameoa, akamsifia viatu. Kijana akakaa hapo anajiona mzuri mpaka askari wakafika.

Baadaye wezi wakajifunza. Hela ikawa haikai. Inatoka laini hii inaingia ile, inagawanyika, nusu inakwenda kwenye michezo ya kubashiri, nusu inavuka mpaka. Niliwahi kumpigia mmoja aliyekuwa na laini ya Kenya, nikijifanya ndugu wa mteja. Akaniambia kwa upole, "Tulia mzee wangu, doo yako iko, si unipee tu dakika kidogo." Doo kwao ni hela. Sauti nzuri, ya mtu aliyelelewa vizuri. Nilipopiga tena, hakupatikana. Tangu hapo nilikuwa nawaambia wateja: usimpigie tapeli kumtukana. Ukimtukana unamwambia kwamba umeshajua, na yeye anakimbia kuitoa hela mapema zaidi.

Na majina nayo yakawa ya uongo, ingawa ni majina ya kweli. Safari moja niliongozana na mpelelezi wa polisi mpaka Kisaka, kwa sababu laini iliyopokea hela ya mteja ilikuwa na jina la mtu wa huko. Njia nzima mpelelezi ananiambia jinsi atakavyomfunga huyo mtu pingu. Tulipofika tukaonyeshwa bibi kizee anaanika mtama juani. Jina ni lake. Alama ya kidole ni yake. Simu hana. Tulipomuuliza vizuri akakumbuka kwamba mnadani kuna kijana alikuwa anasajili laini, akampa na pakiti ya chumvi. Akamwambia, bibi, kidole hakijasoma, weka tena. Akaweka tena na tena. Kila alipoweka, kijana alikuwa anasajili laini nyingine kwa jina lake.

"Sasa mmekuja kunifunga?" akauliza.

Mpelelezi alizificha pingu mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari. Bibi akatupa uji, tukanywa tukiwa tumeinama. Kwa hiyo mnaponiuliza kwa nini tapeli hakamatwi wakati jina linaonekana, mkumbukeni bibi wa Kisaka. Kutoka kwenye jina mpaka kwa mwizi mwenyewe kuna safari, na safari nyingi zinaishia kwenye uwanja wa mtu maskini.

Lakini katika yote hayo, kilichonishinda zaidi ni aibu ya waliotapeliwa. Mtu anatapeliwa asubuhi, anakuja keshokutwa. Akija hasemi ni yeye. Anasema, "Kuna rafiki yangu." Wahasibu, wachungaji, maaskari, wote walikuwa na rafiki. Nilikuwa nawacheka, sio usoni, ila moyoni, na jioni nikifika nyumbani nawasimulia watoto. Nilikuwa najiuliza, mtu mzima mwenye akili zake anakaaje siku mbili ndani wakati hela yake bado inatembea? Aibu ni kitu gani hicho?

Nikajua nilipostaafu.

Nina mwenzangu anaitwa Magige, yuko Matongo. Tulitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo kwetu sisi huyo ni zaidi ya rafiki. Nyumbani kwake naingia bila kubisha, na binti yake Ghati ananiita baba. Ghati alifaulu akachaguliwa chuo cha uuguzi. Magige akauza madume yake mawili ya kulimia kwa ajili ya ada, hela akaiweka kwenye simu akisubiri siku ya kulipa.

Akapigiwa simu. Mtu akajitambulisha kuwa ni wa uhasibu wa chuo, akamtaja Ghati kwa majina yote matatu, akataja na shule aliyosoma. Akasema namba ya malipo imebadilika, ile ada itumwe kwenye namba hii. Magige akatuma. Majina ya waliochaguliwa yalikuwa yamewekwa mtandaoni, kila mtu anayaona, lakini Magige angejuaje? Alijua tu kwamba anayemfahamu mwanae kwa majina matatu lazima awe mtu wa chuo.

Alikaa na siri yake siku mbili. Ya tatu akaja kwangu Tarime, amevaa koti lake la harusini.

"Mura," akaniambia, kama tunavyoitana tangu jandoni, "nimefanya ujinga."

Nilimchukua mpaka kwenye duka nililofanyia kazi. Dawati langu sasa lilikuwa la Zawadi, binti niliyemfundisha mwenyewe, naye akafanya kila kitu kwa utaratibu, kitambulisho, karatasi ya polisi, maelezo. Kisha akatuambia ukweli. Hela ilishatolewa siku ileile, mkoa mwingine kabisa. Laini ilishafungwa. Jina ni la mtu ambaye huenda hajui lolote. Polisi watafuatilia, lakini tusijenge matumaini makubwa.

Magige akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshakubali, naliona hilo sasa. Asiyekubali nilikuwa mimi. Tulipotoka nje nikamshika bega nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi. Mimi ndiye Rudisha." Nilisema hivyo, vijana, kwa mdomo wangu mwenyewe, katikati ya mji.

Nikaanza kutafuta. Kwenye kundi moja la mtandaoni la watu waliotapeliwa, niliandika habari yote ya Magige, na nikaweka picha ya ujumbe wa muamala, namba na kila kitu, nikiomba mwenye kujua njia anisaidie. Haikupita muda nikaandikiwa na watu waliojiita taasisi ya kurejesha fedha za wahanga wa mtandao. Ukurasa wao ulikuwa na bendera ya taifa, nembo, na picha ya bwana mmoja mwenye tai amekaa nyuma ya meza kubwa. Akanipigia. Aliniita "afisa mwenzangu." Akaniambia hela ya Magige ameiona, imezuiliwa kwenye akaunti ya kati, akanitumia na picha ya skrini yenye jina la Magige na kiasi kilekile.

Ninyi mmeshaona. Najua mmeshaona. Kila alichoniambia alikisoma kwenye yale niliyoyaandika mimi mwenyewe. Lakini mimi nilisikia "afisa mwenzangu," na nilikuwa nimekaa nyumbani miezi bila mtu kuniita afisa.

Kulikuwa na ada ya kuifungua hiyo akaunti. Ada itarudi pamoja na hela yenyewe, akasema. Nikampigia Magige.

"Hiyo ni kawaida?" akaniuliza.

"Ni kawaida," nikamjibu.

Ghati alikuwa karibu na simu, nikamsikia: "Baba, muulize tena." Magige akamwambia anyamaze, baba yake mwingine anaijua kazi hii. Akauza ng'ombe wa maziwa. Hela akanitumia mimi, nami nikaongezea ya kwangu kidogo ili itimie.

Sasa sikilizeni hapa. Unapotuma hela, kabla hujaweka namba yako ya siri, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Nimewafundisha watu wangapi kulisoma hilo jina? Wazee wasiojua kusoma niliwaambia wampe mjukuu awasomee. Siku ile nilisoma. Halikuwa jina la taasisi. Lilikuwa jina la mwanamke, jina la kijijini, jina ambalo lingeweza kuwa la bibi wa Kisaka. Kidole kikasimama. Kisha nikajiambia labda ni mhasibu wao, nikabonyeza.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Chai yangu haijapoa yule bwana akapiga. Akasema imebaki kodi kidogo, na akaongeza, "Afisa, suala hili ni la kiusalama, usimshirikishe mtu yeyote kwa sasa."

Sentensi hiyo nilikuwa nimewaambia wateja wangu miaka yote: anayekwambia usimwambie mtu, huyo ni mwizi, kata simu. Nilikata. Nikabaki nimekaa kwenye kochi, mke wangu akaniuliza kama ni malaria.

Kutoka kwangu mpaka dukani ni mwendo wa kutembea polepole. Duka lilikuwa bado wazi. Nilijua kuliko mtu yeyote katika mji huu kile nilichopaswa kufanya. Namba kwanza. Lakini akilini nilimwona Zawadi akiinua uso na kuniona nimesimama upande ule wa meza, upande wa wenye macho mekundu, na miguu ikakataa. Nikajidanganya kwamba labda mambo yatajinyoosha. Nikajifunika shuka jua likiwa bado juu.

Jumamosi asubuhi nilivaa nikatoka. Nilifika mpaka ng'ambo ya barabara. Kupitia kioo nilimwona Zawadi yuko peke yake, hata mteja hana. Mama anayeuza nyanya pale akaniambia, "Mzee Rudisha karibu, leo nyanya nzuri." Nikanunua nyanya. Nikarudi nyumbani na nyanya.

Nilikwenda Jumatatu. Nikakaa kwenye benchi pamoja na wengine. Zamu yangu ilipofika Zawadi akasimama kwa heshima, "Shikamoo mzee wangu," nami nikafungua mdomo nikasema, "Marahaba. Kuna rafiki yangu."

Nilijisikia nikilisema na sikuweza kulirudisha ndani.

Zawadi hakucheka. Akaniuliza namba ya huyo rafiki, na hapo sikuwa na namba nyingine ya kumpa isipokuwa yangu. Akaandika. Akaangalia skrini muda mrefu. Alikuwa akiyaona yote, jina langu, saa niliyotuma, mahali ilipokwenda.

"Rafiki yako alituma Ijumaa," akasema taratibu.

"Ndiyo."

"Ile laini ilikuwa na shida upande wa kutoa. Hela ilikaa. Ilikaa mpaka jana jioni, mzee wangu. Ndiyo ikatolewa."

Nikamuuliza hata Jumamosi ilikuwepo? Nilitaka aniambie haikuwepo.

"Jumamosi ilikuwepo yote."

Kisha akafanya nilichomfundisha. Alijaza kila kitu, akanielekeza polisi kama vile sijui polisi ni wapi, na mwisho akanipa pole, pole nzuri, isiyo na haraka. Nilipokuwa natoka watu kwenye benchi wakapisha miguu. Mmoja akaniambia, "Mzee, umekuja kuwasaidia?"

Kutapeliwa ningeweza kukusimulieni nikacheka. Anayetapeliwa kaibiwa, na anayeiba ndiye mwenye kosa. Lakini zile siku za shuka na nyanya hakuniibia mtu. Hizo nilizitoa mwenyewe, kwa sababu ya uso wangu tu, na hazikuwa hata za hela yangu. Ilikuwa hela ya Magige.

Ilibidi niende Matongo. Nilipanda bodaboda, dereva anataka kupiga stori njia nzima, anaulizia kama ni kweli kuna mashine ya kumwona tapeli alipo. Nikamwambia aangalie barabara.

Magige alikuwa uani na kaka yake mkubwa. Kaka mtu alikuwa amekuja na habari ya mchumba. Alisema ng'ombe wameisha, ada hakuna, binti yupo nyumbani, na kuna familia ya watu wenye mifugo inauliza. Ghati akiolewa zizi linajaa. Alikuwa akilisema hilo Ghati akiwa anatuletea maji ya kunawa. Aliyashika yale maji bila kutikisika, akaniamkia, "Shikamoo baba."

Nilisema palepale, mbele ya wote watatu, kwa sababu nilijua nikimsubiri Magige tubaki wawili nitapata nafasi ya kuipunguza. Nikaanza na ile picha ya bwana mwenye tai. Nikasema na jina la yule mwanamke nililolisoma kisha nikabonyeza. Nikasema na Jumamosi. Ya Jumamosi ndiyo ilikuwa ngumu kutoka.

Kaka mtu alicheka, kicheko kirefu, akapiga paja. "Huyu ndiye Rudisha wenu!"

Magige hakucheka wala hakukasirika. Aliangalia zizi. Kisha akasema, "Ulinunua nyanya."

"Nilinunua."

"Ng'ombe yule alikuwa na ndama." Akainuka akaingia ndani.

Nilikaa uani peke yangu mpaka Ghati aliponiletea chakula. Sikuweza kula, nikamwambia anisamehe. Akanijibu, "Baba, mimi nilisema uulizwe tena." Basi. Ni hayo tu aliyowahi kuniambia juu ya jambo hilo, na hakuyasema kwa ubaya.

Chuo hakikuweza kumsubiri. Muhula ulianza bila yeye. Mwaka mzima aliosha vyombo kwenye mgahawa wa shangazi yake karibu na mashimo ya dhahabu, na kila mwezi yule kaka mtu alirudi na habari ya mchumba, na kila mwezi Magige akamwambia bado. Mimi niliuza matofali niliyofyatua kwa ajili ya chumba cha nyuma, nikaongeza na kidogo cha kiinua mgongo, nikapeleka. Magige hakupokea mkononi. Akasema tukalipe benki pamoja, mimi, yeye na Ghati, na Ghati ndiye asome kila kilichoandikwa. Akasoma, neno kwa neno, na karani akasubiri. Ghati alichelewa mwaka mmoja, lakini alikwenda. Siku anapanda basi nilikaa nyuma ya watu.

Ni Ghati aliyetaka nizungumze. Alirudi likizo, akaniambia pale kwao watu wanapigiwa simu kila siku, na mchungaji amekubali kunipa nafasi baada ya matangazo. Nikamwambia amtafute Zawadi, anajua zaidi. Akasema, "Zawadi hajatapeliwa."

Kwa hiyo Jumapili moja nilisimama mbele ya kanisa la Matongo. Magige alikuwa amekaa karibu na mlango. Nilipanga kuanza na mafundisho, jinsi ya kusoma jina, kwamba usiufute ujumbe, kwamba hela iliyopotea hairudishwi kwa kutoa hela nyingine. Mdomo ukaanza na shuka na nyanya. Watu walicheka sana. Walipiga benchi. Vijana nyuma wakaanza kuita "Rudisha! Rudisha!" mpaka mchungaji akainua mkono. Niliwaacha wacheke, nikaendelea mpaka mwisho.

Nilipouliza kama kuna swali, mama mmoja mzee anayeuza ndizi barabarani alisimama. Simu alikuwa ameifunga kwenye ncha ya kanga.

"Huyo mtu wako," akasema, "ndiye aliyenipigia leo asubuhi? Ameniambia ni mwalimu, mjukuu wangu ameanguka shuleni amepasuka kichwa, nitume hela ya hospitali. Nimetuma ndiyo nikaja kumwombea."

Mtu mmoja akadakia, "Mama, leo Jumapili, shule gani?"

Kicheko kikapasuka tena, na nikamwona yule mama anaanza kukaa. Alikuwa anakaa taratibu, uso unashuka, anairudisha simu kwenye kanga. Niliufahamu ule uso. Katika dakika moja angesema amekosea, si yeye, ni jirani yake.

Sikumpa pole. Niliruka benchi, nikamwomba simu, nikauliza saa ngapi. Kabla ya kengele ya pili, akasema. Ujumbe ulikuwepo, hakuufuta. Tukatoka nje tukapiga huduma kwa wateja, nikamshikia simu sikioni naye akajibu mwenyewe kila alichoulizwa, jina, mwaka, mtaa, huku muziki wa kusubiri ukilia na nusu ya kanisa imetuzunguka. Hakuna aliyecheka tena. Binti wa upande wa pili akarudi hewani akasema maneno ambayo nilikuwa nimeyasema mwenyewe mara chache sana katika kazi yangu yote: bado ipo, tumeizuia.

Mama alikaa chini kwenye nyasi. Ilibidi aende polisi kesho yake, na asubiri, na aende tena, lakini ilirudi. Mjukuu alikuwa mzima, alikuwa amepanda mti nyuma ya kanisa anatuangalia.

Ya Magige haijarudi mpaka leo. Polisi hawajafunga shauri lake, na kila nikiuliza naambiwa bado linafuatiliwa, nami naamini hivyo kwa sababu najua ilivyo ngumu. Ndiyo maana nawaomba, niiteni Marwa. Mzee Marwa inatosha.

Siku ile watu walipotawanyika, Magige alinisindikiza mpaka barabarani nilipoiacha bodaboda. Hatukuwa tumetembea pamoja tangu mambo yale. Tulipofika akanishika mkono, akaushikilia kidogo.

"Leo umewahi," akasema.

Kisha akageuka akarudi nyumbani kwake, na mimi nikapanda bodaboda nikarudi Tarime.